Ukurasa Tuliouruka

Yule mwalimu simpendi mpaka leo. Watu wakizeeka husema wamesamehe, na mimi nimeshazeeka kiasi, lakini nikipita Kinondoni nikaona kibao cha tuisheni kimepigiliwa ukutani, bado hasira hunipanda. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba naandika haya kumshukuru aliyenifungulia njia. Njia niliipita, ndiyo. Hakuna aliyenifungulia, na niliyemwacha nyuma yangu bado ananiuma.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Madukani sabuni imerudi, mitumba imejaa kila kona, na mashirika ya umma yanafungwa moja baada ya jingine. Shirika letu la Barabara ya Pugu lilikuwa halijafungwa, lilikuwa "linapunguza." Neno hilo alilileta meneja utumishi, bwana aliyekuwa akijenga Mbezi Beach na kunipigisha barua za kuomba simenti kwa mashine ya serikali. Siku hiyo alituita watu wa utawala, akasema listi ya wanaopunguzwa itatoka kabla ya mwaka kwisha. Atakayekuwa na barua ya kupokelewa chuo kikuu atahesabiwa yuko masomoni, na jina lake halitaguswa. Wengine tujiandae. Alisema "tujiandae" na yeye akiwamo, mnafiki mkubwa.

Nilikuwa mpiga chapa, nina miaka thelathini na mitatu na cheti cha kidato cha nne, naishi Temeke kwa mama yangu. Mwenzangu mapokezi alikuwa mpokea simu, mwanamke wa Upareni, mpole, analea watoto wawili peke yake. Mie nilimwita shoga, yeye aliniita dada ingawa tulilingana. Wote wawili tulijua kwamba mtu wa kwanza kupunguzwa ni mpiga chapa, na wa pili ni mpokea simu. Mlango uliobaki ulikuwa mmoja, ule mtihani wa kuingilia chuo kwa watu wazima ambao hawakupita kidato cha sita.

Mtihani wenyewe ulikuwa na karatasi mbili. Ya pili ilikuwa ya insha, kila mtu na fani yake. Lakini ya kwanza ilikuwa ya wote: maswali mia moja, saa mbili, kila swali na majibu manne, A mpaka D, chagua moja. Maswali ya Kiingereza, ya hesabu, ya michoro, ya kutafuta neno lisilofanana na mengine. Usipovuka karatasi ya kwanza, bahasha ya karatasi ya pili haifunguliwi. Basi roho zetu zote zilikuwa kwenye herufi hizo nne.

Mwalimu alikuwa na darasa Kinondoni, Jumatano jioni na Jumamosi mchana, kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba yake. Watu wazima thelathini na kitu kwenye mabenchi ya watoto: makarani, wauguzi, mabwana shamba, askari magereza mmoja. Alikuwa mtu wa bara, msomi wa kweli, ameshika digrii tangu ujana wake. Sauti yake ilikuwa nzuri, na alijua kwamba ni nzuri. Tulimwamkia shikamoo hata wale waliomzidi umri, naye akaitikia marahaba bila haya.

Mimi sikuwa nalipa. Tulipatana kwamba nitampigia stensili za karatasi za mtihani za miaka ya nyuma, nazo zitadurufiwa kwenye mashine ya ofisi kwetu saa za jioni. Asiyejua stensili nimweleze: ni karatasi laini yenye nta, unaitia kwenye taipureta, unatoa utepe, herufi zinatoboa. Ukikosea unapaka dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, unapuliza, unapiga tena. Nzuri zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo kila stensili ilikuwa ya kubembeleza. Mwalimu alikuwa ananiletea karatasi za ndani tu, kuanzia swali la kwanza. Nilimuuliza mara moja ukurasa wa mbele uko wapi.

"Ule ni maelekezo," alisema. "Andika namba yako, usiongee na mwenzio. Unataka kuharibu stensili nzima kwa usiongee na mwenzio?"

Nikaona ni kweli. Mtu yeyote aliyesoma shule zetu anajua maelekezo: usiongee, usikunje karatasi, andika kwa wino wa bluu au mweusi. Tumeyasikia tangu darasa la kwanza mpaka hatuyasikii tena.

Na kitu kingine tulichosikia tangu darasa la kwanza ni kwamba swali haliachwi. Hata hujui, andika. Walimu wetu walituchapa kwa nafasi tupu kuliko kwa jibu la makosa, kwa sababu nafasi tupu ni jeuri. Mtoto wa shule wa nchi hii anajua kuotea kabla hajajua kugawanya. Mwalimu alichukua mazoea hayo akayafanya biashara. Alikuwa na msemo wake, aliusema kila kipindi akipanga chaki mezani:

"Swali tupu ni sifuri. Swali lililojazwa ni bahati. Nani hapa hana shida ya bahati?"

Wote kimya, maana nani hana.

Halafu kulikuwa na alichokiita kumwaga mbegu. Katika kila jaribio, zikibaki dakika tano, aligonga meza kwa rula. Hapo unaacha kusoma. Maswali yote yaliyobaki unayajaza herufi moja, ile aliyoisema wiki hiyo, kwa sababu alidai ameuchunguza mtihani na anajua ni herufi gani iliyopungua. Banda zima lilisikika kalamu zikikimbia. Nakiri nilikipenda kile kishindo. Kilinifanya nijione ni mtu mwenye ujanja fulani.

Mpokea simu wetu hakuweza. Jaribio la tatu aliacha maswali ishirini na sita matupu. Mwalimu akaichukua karatasi yake, akainyanyua juu kwa vidole viwili.

"Mama huyu amepewa shamba," akasema, "akalima nusu, nusu akamwachia nyani."

Darasa likacheka. Nami nilicheka. Yeye akainamisha kichwa, akakunja karatasi mara mbili, tatu, nne, mpaka ikawa kama kibiriti.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hajazi. Aliniambia, "Dada, mie siwezi kuandika nisichokijua. Kwenye simu ukiunganisha usikokujua, unamuunganisha mkurugenzi na bucha."

Hilo nalo lilinichekesha. Nikaamua nitamtoa ushamba. Kila mchana, wakati wa chakula, nilikaa naye pale mapokezi, yeye kwenye mto wake wa sponji alioushona mwenyewe kwa kitenge, kiti cha serikali kilikuwa kimechanika. Mie nimeshika saa. Nilimpa maswali kumi, dakika tano, na kila alipositasita nilimgonga kidole kwa penseli. Jaza. Jaza, shoga, unasubiri nini? Wiki tatu nilimgonga. Jaribio la tano alijaza yote mia. Mwalimu akamsimamisha mbele, akasema mama huyu ameota meno. Nilimwona anafurahi kama mtoto, na nikajipongeza.

Jumamosi moja Mwalimu alichelewa kuanza, ana wageni nyumbani, akanirushia karatasi ya mahudhurio niite majina. Alikuwa anaandika mahudhurio nyuma ya karatasi yoyote iliyotumika upande mmoja, kama tulivyofanya sote wakati ule. Nilimaliza kuita, nikaigeuza. Nyuma yake ulikuwa ukurasa wa mbele wa ule mtihani wetu. Wenyewe hasa, umepigwa kwa herufi za kiwandani, juu umechanika pale penye mwaka. Andika namba yako. Usiongee. Wino wa bluu au mweusi. Kisha mstari wa sita na wa saba, kwa Kiingereza kile kikavu cha serikali, ambayo kwa Kiswahili inasema: kila jibu lisilo sahihi litafuta jibu moja lililo sahihi. Swali lisilojibiwa halitahesabiwa kwa namna yoyote.

Niliusoma mara tatu. Sitajisingizia kwamba nilifikiria kwanza wale watu kwenye mabenchi. Nilichofikiria kwanza ni yeye Mwalimu na rula yake, nikafurahi. Nilikuwa nimempata. Nikaikunja ile karatasi nikaitia kwenye pochi, nikamwambia mahudhurio nimeyanakili kwenye karatasi safi, akaitikia bila kuniangalia.

Jumapili nikakaa barazani kwetu Temeke, mama anachambua kunde pembeni, nikatoa majaribio yetu yote. Ya mwenzangu nilikuwa nayo pia, maana tulirudia pamoja. Nikasahihisha upya kwa ile kanuni. Jaribio la karibuni mimi nilipata sabini na moja, nikakosa ishirini na tisa. Toa ishirini na tisa, nabaki na arobaini na mbili. Nikachukua la kwake la siku ile ya kuchekwa. Aliacha ishirini na sita, akapata sitini na tano, akakosa tisa tu. Toa tisa: hamsini na sita. Kisha nikachukua lile la kuota meno. Alijaza yote, akapata sabini, akakosa thelathini. Arobaini.

Nilirudia hesabu hiyo nikidhani nimekosea. Sikukosea. Mtihani ule haukuwa unauliza unajua mangapi. Ulikuwa unauliza kama unajua usichokijua, na kumkata anayejidai. Katika darasa zima la Kinondoni aliyeujua mtihani ule kwa tabia yake, bila kufundishwa na mtu, alikuwa mpokea simu, na tulimcheka mpaka akaacha. Penseli niliyomgongea ilikuwa yangu.

Nikamsomea mama. Mama hakusoma zaidi ya madrasa na darasa la nne, lakini alielewa upesi kuliko mimi.

"Sasa si uwaambie wenzio," alisema.

"Nitawaambia. Jumamosi, darasa likijaa, mbele yake. Nataka nimwone uso."

Mama akaacha kunde. "Uso wake utaufanyia nini wewe? Mwambie mwenzio kesho ofisini, yaishe. Mdomo huponza kichwa."

Nikamwambia haelewi. Ningemwambia mwenzangu kesho, angekwenda kumuuliza Mwalimu Jumatano kwa ile adabu yake, na Mwalimu angekuwa na siku tatu za kujipanga. Nilitaka ajikute hana pa kukimbilia. Basi wiki nzima nilikaa na jambo lile kifuani. Mapokezi nilipita kila siku, tukala pamoja, na mchana mmoja nilimshikia saa akajaza maswali kumi. Nilinyamaza. Penseli tu sikuigusa.

Alhamisi nikapiga stensili ya jaribio la mwisho. Nakumbuka mashine, dirisha, kelele za malori ya Pugu Road. Kichwa cha habari nilikipiga juu, jina la darasa kwa herufi kubwa kama alivyotaka, nikateremka, nikaanza swali la kwanza. Nilipomaliza ukurasa nikaona kati ya kichwa cha habari na swali la kwanza imebaki nafasi. Nilipima kwa rula. Mistari minne.

Ule ukurasa ulikuwa umelala kando ya mashine. Mistari miwili ingetosha. Kosa moja linafuta sahihi moja; usilolijua liache. Mwalimu hakuwahi hata siku moja kukagua nilichopiga. Kazi yake ilikuwa kulalamika kwamba wino ni hafifu. Karatasi ingedurufiwa Ijumaa, Jumamosi ingekuwa mikononi mwa watu, imechapwa, safi, juu kabisa pale jicho linapoanzia. Na watu wetu hawabishani na kitu kilichochapwa. Vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya herufi.

Ila nilimjua. Wangesoma, mmoja angeuliza, naye angekohoa kidogo na kusema, naam, hilo nililiacha makusudi mpaka mkomae. Lingekuwa lake. Wangempigia makofi. Mie ningekuwa nimekaa benchi la nyuma na ukurasa kwenye pochi, na yeye anasifiwa kwa kitu alichoandikia mahudhurio nyuma yake. Nilihisi kama nanyang'anywa. Nikaitoa stensili kwenye mashine kama ilivyo.

Jumamosi ilifika. Kabla hajagawa jaribio nilisimama, nikatoa ule ukurasa, nikausoma kwa sauti, Kiingereza kisha Kiswahili. Nilijipanga vizuri, nilivaa hata gauni la sikukuu. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, halafu akaja, akaichukua karatasi kutoka mkononi mwangu kwa upole.

"Hii ni ya mwaka gani?" akauliza.

Juu palikuwa pamechanika. Nilisema sijui.

"Hajui," akawaambia wenzangu. "Mtihani huu umebadilishwa mara ngapi, jamani? Sista ameokota karatasi iliyochanika, anataka kuwatisha watu wiki mbili kabla ya mtihani." Kisha akanigeukia, sauti ileile nzuri. "Kila mtu na kazi yake. Kazi ya mpiga chapa ni kupiga alichopewa."

Wakacheka. Kidogo tu, ule mcheko wa watu wenye wasiwasi wanaotaka kuambiwa mambo ni shwari. Mtu mwenye akili angengoja ule mcheko uishe, akasema taratibu: sawa, siku ya mtihani someni wenyewe ukurasa wa mbele. Maneno kumi hayafiki. Lakini mie damu ilikuwa imenifika machoni.

"Wewe mtihani huu umeufanya lini?" nilimwambia. "Hujaufanya hata siku moja. Umepita mlango mwingine, unatuuzia upepo. Hujui hata unachokifundisha." Akaanza kuikunja ile karatasi mkononi, na hapo ningenyamaza. Nikawageukia wenzangu. "Na nyie mnachekelea. Kondoo watupu. Mkichinjwa msimlilie mtu."

Askari magereza ndiye aliyesimama. Alikuwa mtu wa heshima, ana mvi.

"Mama, sie hapa ni watu wazima na familia zetu," alisema. "Ukubwa si kutukanana. Muombe mwalimu radhi au tuache tusome."

Sikuomba radhi. Niliokota pochi yangu. Nilimtazama mwenzangu nikitegemea atainuka tuondoke wote. Alikuwa anaangalia miguu yake. Mwalimu alianza kugawa jaribio kabla sijafika mlangoni, na ile karatasi ya maelekezo ilibaki kwake.

Jumatatu nilimfuata mapokezi. Nikamweleza hesabu zote, hamsini na sita na arobaini, nikamwekea karatasi zake mwenyewe mbele ya swichibodi. Alisikiliza huku anaunganisha simu.

"Dada," akasema, "nilipoacha ulinicheka. Ukanifundisha kujaza, nikajaza. Sasa unasema niache. Kesho utasemaje?"

"Kesho nitasema hivihivi. Imeandikwa."

"Mwalimu amesema imebadilishwa."

"Mwalimu mwongo."

"Mwalimu alinisimamisha mbele ya watu akanisifu," alisema, tena bila ukali wowote. "Wewe juzi umetuita kondoo. Na mie nilikuwepo."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema nisamehe. Neno lilikuwepo, najua lilikuwepo, nilihisi uzito wake ulimini. Nikasema, "Basi jaza. Jaza ukafie mbele."

Hatukusemezana wiki mbili. Zamani alikuwa akinipigia kwenye simu ya ndani na kusema, dada, simu yako hii. Sasa kengele ililia, nikainua, nikakuta mpigaji yuko hewani tayari. Yeye hakusema kitu. Nilikuwa naona ni mtoto. Nilikuwa nasubiri anyenyekee kwanza.

Siku ya mtihani tulikaa kwenye ukumbi mkubwa wa chuo, meza mojamoja, feni juu hazizunguki. Yeye alikuwa safu ya pili mbele yangu, kidogo kuliani. Karatasi zikagawiwa zikiwa zimefunikwa. Msimamizi, kijana wa miwani, akasema kwa Kiingereza tusome maelekezo kabla ya kuanza, akasema kwa sauti ya mtu aliyeyasema mara mia. Kisha akaandika saa ubaoni na kusema tuanze.

Nilifunua. Ukurasa wa mbele, mstari wa sita na wa saba. Neno kwa neno, nukta kwa nukta. Haukuwa umebadilishwa chochote.

Na sekunde hiyohiyo nikasikia ukumbi mzima unageuza karatasi. Ulikuwa mlio mmoja mrefu. Hakuna aliyesoma. Watu wa Kinondoni na watu wa kwingine, wote wanageuza kwenda swali la kwanza kwa sababu saa inakimbia na maelekezo ni usiongee na mwenzio. Nilimwona mwenzangu. Alishika pembe ya ukurasa kwa kidole, akausimamisha nusu, na kwa kitambo kidogo nikadhani anasoma. Halafu akaugeuza.

Nilikohoa. Nikakohoa tena kwa nguvu. Nikaangusha rula makusudi. Kijana wa miwani akaja kusimama kando ya meza yangu, akabaki hapo. Ningeweza kusema. Maneno mawili, soma mbele, kwa sauti, ningetolewa nje na yeye angebaki. Nimejiuliza mara nyingi kama ningesema ingekuwa nini. Sikusema. Nilikuwa nautaka mlango ule kama alivyoutaka yeye, nikainama nikaanza swali la kwanza.

Niliacha matupu thelathini na moja. Mkono uliniwasha kila nilipoliruka swali. Zilipobaki dakika tano msimamizi akatangaza, na hapo ukumbini, bila rula wala Mwalimu, nikasikia kile kishindo cha kalamu. Wanamwaga mbegu. Mwenzangu kichwa kilikuwa kimetulia, mkono tu ndio unashuka ukurasani, mstari kwa mstari, haumalizi hata kusoma. Alikuwa anafanya upesi na vizuri, kama nilivyomzoesha.

Majibu yalibandikwa chuoni kwenye ubao wa matangazo. Namba yangu ilikuwepo. Nilitafuta namba yake mara mbili, nikatafuta na za wengine niliozijua. Katika darasa lote la Kinondoni tulipita wawili, mimi na bwana shamba mmoja ambaye, nilikuja kumsikia, alichelewa siku ile akakosa hata muda wa kujaza.

Nilipopita Kinondoni wiki iliyofuata kulikuwa na kibao kipya nje ya lile banda. Wanafunzi wetu wawili wamechaguliwa chuo kikuu, jiunge sasa. Mmoja kati ya hao wawili ni mimi. Nilisimama barabarani nikakitazama. Nilitaka kukivunja, na sioni aibu kusema hivyo. Kilichonizuia si ustaarabu, kilikuwa kimefungwa juu sana.

Listi ya ofisini ilitoka Ijumaa. Meneja utumishi aliibandika asubuhi na yeye mwenyewe akaenda zake Mbezi Beach kusimamia mafundi. Jina la mwenzangu lilikuwa la nne. Alasiri nilimkuta mapokezi anakusanya vitu vyake: kikombe, kanga aliyojifunika miguu wakati wa baridi, daftari la namba za simu. Ule mto wa sponji aliukung'uta, akauweka mezani.

Nikamwamkia. Akaitikia vizuri. Nikasema pole. Akasema, "Ahsante, dada, na hongera." Nilitamani anitukane.

Alikuwa na tabia ya kazi yake, ya kuandika kila simu iliingia saa ngapi na ilitoka saa ngapi. Sasa alianza kuniuliza kwa namna hiyohiyo.

"Ile karatasi ya mbele uliiona lini?"

"Jumamosi."

"Ile ya kugombana?"

"Ya kabla yake."

"Na lile jaribio la mwisho, uliipiga lini stensili?"

"Alhamisi."

Akahesabu. Nilimwona anahesabu kwa kidole gumba akigusa vidole vingine. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

"Mie nisingekusikiliza," alisema. "Ulikuwa umevimba, hakuna mtu angekusikiliza. Lakini ulichokipiga chapa ningekisoma. Wote tungekisoma." Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu, na macho yake hayakuwa na ugomvi. Alikuwa anataka kujua tu. "Kwa nini hukukiandika pale juu, dada?"

Nilimwambia stensili ilikuwa imejaa.

Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akasema kumbe, akachukua mto wake.